Kumtuliza mbwa maumivu nyumbani: maana yake

Kumtuliza mbwa maumivu nyumbani ni kumpunguzia mateso kwa mapumziko, uangalizi wa karibu, na dawa aliyopimiwa yeye mwenyewe na daktari wa mifugo kulingana na uzito wake. Hilo la mwisho ndilo wengi hulipuuza. Mbwa akianza kuchechemea, mwenye mbwa hukimbilia Panadol, ibuprofeni au diklofenaki iliyobaki kabatini. Huruma ni ya kweli, lakini dawa hizo zinaweza kumuua.

Ibuprofeni na diklofenaki huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea uvimbe na maumivu. Kemikali hizohizo ndizo zinazolinda utando wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Ibuprofeni hukaa muda mrefu katika mwili wa mbwa, kwani ikishatolewa na ini kwenda kwenye utumbo hunyonywa tena. Ndiyo maana kiasi kinachoonekana kidogo kwetu huweza kumletea vidonda vya tumbo, na kikizidi, figo hushindwa kazi. Parasetamoli, yaani dawa iliyo kwenye Panadol, ina madhara yake: ikizidi huharibu ini na kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Wapo madaktari wanaompa mbwa parasetamoli kwa kipimo maalumu, lakini paka asipewe kamwe. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua.

Mbwa wana dawa zao: karprofeni, meloksikamu, firokoksibu. Kwa meloksikamu, dozi ya kawaida ya kuendelea nayo ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mbwa wa kilo 10 basi anahitaji miligramu 1, ilhali kidonge cha binadamu kina miligramu 7.5 au 15. Kukikata kwa kisu na kukisia ni hatari. Dawa hizi hazichanganywi zenyewe kwa zenyewe, wala hazitolewi pamoja na dawa za steroidi za kutuliza uvimbe, kama prednisoloni au deksamethasoni. Kama mbwa wako alidungwa sindano siku za karibuni, uliza ilikuwa ya dawa gani kabla ya kumpa kitu kingine. Akitapika, akikataa chakula au akitoa kinyesi cheusi kama lami, acha dawa na umpigie daktari.

Mbwa mwenye maumivu mara nyingi halii. Hulamba sehemu moja bila kuacha, hukunja mgongo, huhema usiku wakati hakuna joto, huchelewa kuinuka, au humng'akia mtoto aliyezoea kumshika. Usimchape kwa hilo.

Bila dawa pia kuna mengi ya kufanya. Mfungie mahali padogo atulie, umtandikie gunia nene au godoro kuukuu, mbali na sakafu ya saruji yenye baridi. Mguu ukiwa umeteguka leo au jana, mwekee barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hivi. Kwa mbwa mzee mwenye viungo vinavyouma, kupunguza unene ni tiba kubwa, pamoja na matembezi mafupi ya kila siku.

Mfupa uliovunjika, tumbo lililojaa gesi ghafla, kushindwa kusimama, au ufizi uliopauka au kugeuka bluu au kahawia si mambo ya kutibu nyumbani. Akiwa amemeza dawa ya binadamu, mpeleke saa hiyohiyo, na uchukue pakiti yake.