Kabla ya Kununua Laptopu, Itazame Bawaba

Kila mwaka vyuo vinapokaribia kufunguliwa, simu ya karakana yetu ya kompyuta haitulii. Wanaopiga ni wazazi, wengi wao hawajawahi kumiliki kompyuta, na swali lao ni lile lile: "Mwalimu, nimnunulie mtoto ya kampuni gani? HP au Dell?" Nami huwauliza: HP ipi? Wengine hudhani nawakwepa.

HP hutengeneza EliteBook, na hutengeneza Stream. Dell ilikuwa na Latitude na ilikuwa na Inspiron, majina iliyoanza kuyaacha mwaka 2025. Lenovo ina ThinkPad, jina ililolipata iliponunua kitengo cha kompyuta binafsi cha kampuni ya IBM mwaka 2005, na ina IdeaPad. Nembo ni moja, lakini hawa ni watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali. Katika kila jozi niliyoitaja, wa kwanza ameundwa kwa ajili ya ofisi. Shirika linalonunua mashine mia tatu kwa mkupuo hudai zidumu miaka kadhaa na vipuri vyake vipatikane, maana zikiharibika ni hasara yake. Wa pili ameundwa kwa ajili ya rafu ya duka, ambako mnunuzi hutazama bei, ukubwa wa kioo na rangi. Mtengenezaji anajua hivyo, kwa hiyo anapobana gharama hubana pale ambapo jicho halifiki. Tena laptopu nyingi duniani huundwa na makandarasi wale wale wa Taiwan, kama Quanta na Compal, na kila mwenye nembo hupewa alicholipia.

Mahali pasipofikiwa na jicho pa kwanza ni bawaba. Juzi mwanafunzi mmoja aliniletea mashine yake ikiwa imefungwa kwa mpira wa noti. Ina mwaka na nusu tu. Nililegeza skrubu za chini, nikabandua ganda. Bawaba zenyewe zilikuwa nzima, chuma safi kabisa. Kilichong'oka ni pale zilipojishikiza. Katika laptopu nyingi za bei ya chini, bawaba hufungwa kwa skrubu tatu au nne zinazoingia kwenye nati za shaba, kila moja kama punje ya mchele, zilizozamishwa kwenye viguzo vya plastiki. Kila unapofunua kifuniko, nguvu yote inaishia kwenye viguzo hivyo. Miezi inapopita, grisi ya bawaba hukauka, vumbi huingia, bawaba inakuwa nzito, na plastiki nayo inachoka. Siku moja unasikia "tak!" na kona ya kioo inaachama.

Kijana aliendelea kuifungua hivyo hivyo. Fundi wa kwanza alimpakia gundi, ikashika wiki mbili. Halafu bawaba iliyolegea ikausaga waya wa kioo, ambao hupita hapo hapo kwenye bawaba, na picha ikaanza kucheza. Tulipomaliza kupiga hesabu ya ganda jipya, waya na ufundi, ilifika karibu theluthi moja ya bei aliyonunulia.

Chukua sasa ThinkPad T480 ya mwaka 2018, mashine ya ofisi. Kifuniko chake kinalala chali kabisa, nyuzi 180, bila kuumia. Ukitaka kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, nafasi zake ni mbili na zote zinachomoka. Betri ni mbili pia, moja ya ndani na moja ya nje unayoitoa kwa vidole. Chini ya kibodi kuna vitundu vya kupitisha maji, ili chai ikimwagika itokee upande wa pili badala ya kutuama juu ya bodi kuu. (Hiyo si ruhusa ya kunywea chai juu yake.) Lenovo huweka mtandaoni kitabu cha matengenezo yake, skrubu kwa skrubu. HP na Dell nao hufanya hivyo kwa mashine zao za ofisi, na ndiyo maana fundi wa Kariakoo au wa barabara ya Luthuli, Nairobi, hazimpi taabu.

Sasa tuje kwenye fedha. Tuseme una shilingi 700,000 za Tanzania. Dukani utapata mpya kabisa ya plastiki, yenye RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi na hifadhi ya GB 64. Namba hizo mbili ndizo Microsoft imeziweka kuwa kiwango cha chini kabisa cha Windows 11, mfumo wake wa kuendeshea kompyuta. Yaani mashine inatoka kwenye boksi ikiwa imeshagusa sakafu, na huwezi kuiongezea RAM hata ukija kupata pesa. Kwa fedha hizo hizo, mara nyingi mtaani unapata mashine ya ofisi iliyotumika, yenye ganda imara, RAM ya GB 8 na hifadhi ya aina ya SSD ya GB 256. Ya kwanza ikikufikisha miaka miwili, imekugharimu 350,000 kwa mwaka. Ya pili ukiiongezea betri ya 100,000 na ikakaa miaka minne, ni 200,000 kwa mwaka. Hesabu yako itakuwa na namba zako, lakini gawanya kwa miaka. Bei ya siku ya kununua ni nusu ya habari.

Nisieleweke kwamba cha ghali ndicho imara. Kati ya 2015 na 2019 Apple iliuza MacBook zenye ganda zuri la alumini, lakini kibodi yake ilikuwa nyembamba mno hata chembe ya vumbi ikitosha kunyamazisha herufi. Mwaka 2018 ilibidi ianzishe mpango wa kuzitengeneza bure, na mwishoni mwa 2019 ikaanza kuachana na muundo ule. Vilevile usihadaike na maandishi ya MIL-STD-810 kwenye boksi. Hicho ni kiwango cha jeshi la Marekani chenye majaribio mengi, na mtengenezaji huchagua mwenyewe afanye yapi. Jeshi halimpi cheti.

Na mtumba una mitego yake. Mkubwa kwa sasa ni umri wa prosesa, ubongo wa mashine. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za kampuni ya Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, ukiacha chache za kizazi cha saba. Soma namba yenyewe: i5-8250U ni kizazi cha nane, i5-6300U ni cha sita. EliteBook 840 G3 zimejaa mtaani, ganda lake ni zuri na bei yake inavutia, lakini ni za kizazi cha sita. Muuzaji atakuwekea Windows 11 kwa ujanja na itawaka, lakini Microsoft haiikubali rasmi. Kama unaijua Linux, mfumo mbadala wa Windows, ichukue kwa raha zako; kama hapana, ongeza fedha kidogo ufike kizazi cha nane.

Mtego mwingine ni kufuli la mwajiri wa zamani. Izime, iwashe, na mara inapoanza kuwaka bonyeza F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell au F10 kwa HP, uingie kwenye mipangilio ya ndani ya mashine (BIOS). Ikikuomba nywila na muuzaji hana, iache mezani. Hapo hapo linganisha namba ya mashine unayoiona kwenye kioo na ile ya kwenye stika ya chini; zikitofautiana, bodi imebadilishwa au ganda limetoka kwa nyingine.

Mpya ya bei nafuu nami huipendekeza, kwa mtu anayeiweka mezani dukani kwake kuandikia ankara, haibebi kwenye daladala na anataka udhamini wa mwaka mmoja kwa maandishi. Anayeibeba kwenye begi kila siku ni habari nyingine.

Ukiwa dukani, ifunue kwa kidole kimoja katikati, kisha ushike kona moja uone kama pembeni mwa kioo panaachana. Bonyeza katikati ya kibodi kwa dole gumba. Ikibonyea kama godoro, umeshajua ganda lake. Inyanyue kwa kona ya mbele, usikilize kama inalia. Kwa iliyotumika, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, halafu fungua faili litakalotajwa: utaona uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo iliobaki nao. Kama uwezo wa mWh 50,000 umeshuka hadi mWh 24,000, bei ya betri mpya itoke kwenye bei ya muuzaji. Mwisho chomoa chaja, tazama asilimia, ukae hapo mpatane bei kwa dakika ishirini, kisha utazame tena.