Je, wajua sambusa ilipitia wapi kabla ya kufika pwani yetu?

Uliza Mombasa, Tanga au Dar es Salaam sambusa imetoka wapi, na jibu litakuja kabla hujamaliza swali: kwa Wahindi. Mwenye kujua zaidi ataongeza kwamba ililetwa na vibarua waliojenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ndiyo maana limedumu. Lakini linaianza hadithi katikati, na kuhusu reli lina kasoro kubwa zaidi.

Tuanze na reli. Vibarua wapatao 32,000 walichukuliwa India kwa mikataba, wengi wao kutoka Punjab. Mikataba ilipokwisha wengi walirudi kwao, wakabaki kama 6,700. Sambusa inayohusishwa na Punjab leo ni ile nene: ganda la unga uliofikichwa kwa samli, tumbo limejaa viazi, inakaa wima kwenye sahani kama piramidi. Sasa iweke kando ya sambusa ya futari ya Unguja au Lamu. Ya kwetu ni bapa, pembetatu yenye kingo kali, ganda jembamba linalovunjika kwa jino, ndani nyama ya kusaga iliyokauka, kitunguu, giligilani na ndimu. Kilichobadilika hapo si vinavyojazwa ndani peke yake. Ganda lenyewe limetengenezwa kwa njia nyingine kabisa, na ganda hilo ndilo shahidi mzuri kuliko wote katika suala hili.

Ganda la kwetu ni manda. Ndizo zile karatasi nyembamba za unga ambazo siku hizi huuzwa dukani zimegandishwa kwenye pakiti, lakini ambazo majumbani bado husukumwa kwa mkono, hasa Ramadhani inapokaribia. Kazi yake inastahili kuangaliwa polepole.

Unga wa ngano hukandwa na maji, chumvi na mafuta kidogo mpaka donge liwe gumu kuliko la chapati. Hukatwa vidonge, na kila kidonge husukumwa kiwe duara la ukubwa wa kisahani. Juu ya duara hupakwa mafuta, hunyunyizwa unga mkavu, kisha duara la pili hulazwa juu yake, likapakwa na kunyunyizwa vilevile, na kuendelea hadi rundo la manne au zaidi. Rundo zima ndilo linalosukumwa sasa, mpaka lienee kama chapati kubwa. Linawekwa kwenye chuma kikavu, moto wa wastani, upande mmoja kidogo, upande wa pili kidogo. Likingali moto, mpishi hukamata ukingo kwa ncha za vidole na kubandua karatasi moja baada ya nyingine. Ni kama noti mpya zilizotoka benki, zimeshikana hadi unadhani ni moja: ukizisugua pembeni, zinaachana bila kuchanika.

Kwa nini kujisumbua na rundo? Kwa sababu unga wa ngano ukilowa na kukandwa hujenga nyuzi za gluteni, na nyuzi hizo huvuta. Unasukuma, donge linarudi. Ukilazimisha duara moja liwe jembamba sana, litanata kwenye kibao au litachanika ukilinyanyua. Rundo halina shida hiyo, maana kwa ujumla wake bado ni nene na mkono unalimudu. Rundo la maduara manne likisukumwa hadi unene wa milimita mbili, kila karatasi ndani yake imefikia nusu milimita, na hakuna aliyelazimika kuishika peke yake ikiwa mbichi. Mafuta na unga mkavu huzuia tabaka zisiungane. Joto la chuma humalizia: maji yaliyomo kwenye unga hugeuka mvuke, mvuke unatafuta njia kati ya tabaka na kuzisukuma ziachane, huku wanga ukiiva nusu kiasi kwamba karatasi hazinatani tena zikilaliana.

Hapo kwenye chuma ndipo wengi huharibu. Manda ikikaa mno hukauka na kupasuka inapokunjwa, ikiondolewa mapema inabaki mbichi na haibanduki. Ndiyo maana manda zilizobanduliwa hufunikwa kitambaa kibichi mara moja, na ndiyo maana nyama ya sambusa hupikwa kwanza ikakaushwa maji yote. Ganda limeshaiva nusu, halihitaji muda mrefu kwenye mafuta. Nyama mbichi isingewahi kuiva, na mchuzi ungelainisha ganda kabla halijawa kavu. Sambusa nene za Punjab hufuata kanuni tofauti: ganda ni bichi, hivyo hukaangwa polepole kwenye mafuta yasiyo moto sana.

Sasa turudi kwenye historia tukiwa na manda mkononi.

Mwaka 1226, mjini Baghdad, Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi, Kitab al-Tabikh. Ndani yake mna chakula kiitwacho sanbusaj. Maelekezo yake ni haya kwa ufupi: chukua mkate mwembamba, ukate vipande virefu, utie nyama ya kusaga iliyokolezwa viungo, ukunje kwa umbo la pembetatu, uzibe kwa unga uliokorogwa na maji, ukaange kwa mafuta ya ufuta. Mpishi wa Mombasa akisomewa maneno hayo leo hatauliza swali lolote. Mkate mwembamba uliokwisha iva, vipande virefu, pembetatu, gundi ya unga: yote yapo, karibu miaka 700 kabla ya reli. Al-Baghdadi anataja hata aina tamu, ya sukari, lozi na maji ya waridi.

Na Baghdad yenyewe haikuwa mwanzo. Jina la chakula hiki lilitoka Uajemi, na mwanahistoria Bayhaqi, aliyeishi karne ya 11, anakitaja katika habari za watawala wa Ghazni, Afghanistan ya leo. Kabla yake, katika karne ya 10, Ibn Sayyar al-Warraq alikuwa ameshakipa nafasi katika kitabu chake cha mapishi, cha Baghdad pia.

Lakini shahidi ninayempenda zaidi ni al-Mas'udi, msafiri na mwanahistoria wa karne ya 10. Yeye anasimulia karamu ya khalifa al-Mustakfi, aliyetawala 944 hadi 946, ambapo waalikwa walighani mashairi ya vyakula. Mmoja alighani shairi la Ishaq al-Mawsili, msanii mashuhuri wa karne ya 9, lenye kueleza sanbusaj hatua kwa hatua: nyama nyekundu iliyokatwakatwa na mafuta yake, kitunguu, kabichi, giligilani, bizari nyembamba, pilipili manga, tangawizi, karafuu. Mwishoni kingo za unga hubanwa kwa kucha na sambusa hukaangwa. Ukilitazama kwa makini utaona kwamba hii ya kubana kwa kucha ni ya donge bichi, wakati ya al-Baghdadi ni ya mkate mwembamba. Kwa hiyo sambusa za ukoo wa ganda nene na za ukoo wa ganda jembamba zote mbili zilikuwa zikiliwa Iraq karne nyingi zilizopita. Tofauti kati ya sambusa ya Punjab na ya Unguja ina mizizi mirefu.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba al-Mas'udi alifika kwetu. Alisafiri kwa chombo kutoka Oman hadi Qanbalu, kisiwa ambacho wataalamu wengi wanakiweka Pemba, na safari yake ya mwisho huko ilikuwa mwaka 304 wa Hijria, yaani 916 au 917. Aliandika watu wa pwani wanakula nini: mtama, ndizi, asali, nyama, nazi za visiwani. Sambusa hakuitaja.

Karne nne baadaye mambo yakajirudia. Ibn Battuta alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mogadishu alikaribishwa wali wa samli wenye kitoweo cha kuku, nyama na samaki, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na tangawizi mbichi, akaviandika vyote kwa furaha ya mtu aliyeshiba. Mombasa aliandika ndizi na samaki. Miaka michache baadaye alikuwa Delhi kwenye baraza la Sultani Muhammad bin Tughluq, na huko ndiko alikoikuta sambusa: nyama ya kusaga iliyopikwa na lozi, pistachio, vitunguu na viungo, ikafungwa kwenye mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli, kila mgeni akiwekewa nne au tano. Mshairi Amir Khusrau, aliyefariki 1325, alikuwa ameshaandika kwamba waungwana wa Delhi wanaipenda. Yaani India iliipokea sambusa kutoka magharibi, kupitia wapishi wa masultani, ikiwa na manda yake.

Kimya cha wasafiri wawili si ushahidi kamili. Ibn Battuta alikaa pwani muda mfupi, na alisimulia safari zake miaka zaidi ya 20 baadaye, aliporudi Morocco. Hata hivyo kimya hicho kinapatana na jambo jingine lisilohitaji msafiri, nalo ni ngano. Haistawi kwenye joto na unyevu wa pwani yetu. Mtama, uwele na mchele havina gluteni, na bila gluteni huwezi kusukuma karatasi ya nusu milimita ikakunjika bila kupasuka. Vyakula vya kale vya pwani vinaifuata hali hiyo: vibibi na mikate ya kumimina ni vya mchele na nazi. Mahali ambapo ngano lazima ije kwa jahazi, sambusa ingeweza kuwa chakula cha tajiri au cha sikukuu, si cha barazani kila jioni.

Mambo yalibadilika karne ya 19. Kufikia 1840 Seyyid Said bin Sultan alikuwa amehamishia makao yake kutoka Muscat hadi Unguja, na mji ukajaa Waomani, Wahadhrami, Wabaluchi na wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat. Forodha yenyewe ilisimamiwa na nyumba ya Jairam Shivji wa Kutch. Hao walikuwa Wahindu wa jamii ya Bhatia, wasiokula nyama. Lakini walikuwapo pia Mabohora, Makhoja na Mamemoni, Waislamu wa Gujarat na Kutch ambao sambusa yao hadi leo ni ya manda na nyama ya kusaga. Hapa ndipo jibu la "kwa Wahindi" linapopata haki yake. Ukinilazimisha nichague jiko lililoifundisha Unguja kukunja pembetatu, nitachagua jiko la Mbohora kabla ya kambi ya reli. Ila mwenyeji wa Muscat au Hadhramaut aliyekuwa jirani yake hakuhitaji kufundishwa. Naye alikuwa na sambusa ya kwao, ya ukoo uleule wa Baghdad, iliyopanda jahazi lingine. Majiko hayo yalitenganishwa na ukuta mmoja, na sioni sababu ya kutaka mshindi.

Ngano nayo ikaja kuwa karibu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza, alijaribu ngano huko Njoro, Kenya, na mwaka 1908 ikaanzishwa kampuni ya kusaga, Unga. Unga mweupe ulipoacha kuwa anasa ya kutoka ng'ambo, sambusa na maandazi vilitoka kwenye sinia za sikukuu vikaingia kwenye kabati za vioo za mikahawa, hadi bara.

Kuhusu viazi na pilipili kali, mambo ni mafupi. Vyote ni vya Amerika, na kabla ya Wareno kuvuka bahari hakuna mtu wa Baghdad wala Delhi aliyevijua. Ukali wa sanbusaj ya zamani ulikuwa wa pilipili manga. Pilipili ya Amerika ilienea India karne ya 16, na viazi vilikawia zaidi, vikaenea hasa wakati wa Waingereza. Kwa hiyo sambusa ya viazi, ambayo wengi huidhani ndiyo ya asili na ya nyama ndiyo nyongeza, ni kinyume chake. Mapishi yaliyoandikwa kwa ajili ya Ghiyath Shah, sultani wa Malwa huko India ya kati, mnamo 1500 yana sambusa za aina nyingi, lakini hakuna hata moja ya kiazi.

Wareno haohao ndio walioipa sambusa njia yake nyingine. Goa na Msumbiji zilikuwa chini ya utawala mmoja, na watu wa Goa walipohamia Lourenço Marques, Maputo ya leo, waliifikisha huko kwa jina la chamuça. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, maelfu ya familia zilihamia Ureno. Leo mikahawa ya Lisbon huuza chamuça kando ya vitumbua vya chewa, na ukiivunja ile ya nyama utaikuta bapa, kavu, pembetatu, na ganda lake ni manda.