Mstari Ukitetemeka, Usiisingizie Laptopu

Kijana mwingine kaniandikia wiki hii. Ametengeneza kile kichezeo cha kuchora kwa nobu mbili (moja husogeza kalamu kushoto-kulia, nyingine juu-chini), Arduino Uno, ile bodi ndogo inayosoma nobu, huku, laptopu inayochora kule, na mstari unatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Sasa anatafuta pesa anunue laptopu yenye nguvu zaidi. Jamani!

Piga hesabu kwanza. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, na kila herufi ikila biti 10, waya wa USB unapitisha herufi kama 960 kwa sekunde. "512,513", yaani namba moja ya kila nobu, na alama zake za kufunga mstari ni herufi tisa, kwa hiyo laptopu inapata jozi mia moja na ushee kila sekunde. Hata ya mtumba inazimeza hizo huku ikipiga benga.

Kuunga waya nitapita haraka: ncha za pembeni za kila nobu 5V na graundi, za katikati kwenye pini A0 na A1 za Arduino. Basi.

Toa mikono kwenye nobu, utazame namba zinazoingia: 511, 512, 511, 513. Nani kagusa? Uno inagawa volti 5 katika ngazi 1,024, kila ngazi kama milivolti 4.9, na kelele kidogo tu, yaani mtikisiko wa umeme, inairusha namba. Kwenye skrini ya pikseli 1,366, ngazi moja inazidi pikseli moja.

Halafu wapo wajuaji: "Ni umeme wa USB unashuka." Hao ndio wananichosha. Potenshiometa, yaani hiyo nobu yenyewe, inakula 5V ileile ambayo Arduino inapimia. Ikishuka hadi 4.7, kipimo na kinachopimwa vinashuka pamoja, namba inabaki palepale. Kinachopenya ni kelele ya kasi. Hiyo ipe kapasita (kifaa kidogo cha kutunza chaji) ya nanofaradi 100 kati ya pini ya katikati na graundi.

Ukiokota nobu kwenye redio mbovu pale soko la Kibuye, Kisumu, soma mgongo wake. B10K, chukua: B kwa kawaida ni ya mwendo sawa, 10K ni ukinzani wa omu elfu 10. A500K, iache. Herufi A kwa kawaida ni ya kuongezea sauti redioni: mstari utatambaa, kisha ghafla utatimka. (Baadhi ya zile kuukuu za Ulaya hugeuza herufi, kwa hiyo pima kwa mita.) Hiyo 500K nayo ina balaa lake. Ndani ya Uno kipimaji ni kimoja, kinaruka kutoka A0 kwenda A1, na umeme mdogo unaopita ukinzani mkubwa hivyo hauwahi kukijaza, kwa hiyo kinabaki na mabaki ya nobu iliyotangulia. Unazungusha ya kushoto, kalamu inapanda juu! Soma kila pini mara mbili, usomaji wa kwanza utupe.

Kwenye programu, puuza mabadiliko madogo. Madogo kiasi gani? Vitabu vinakwepa. Ukichukua wastani wa namba nyingi, kalamu inachelewa mkono. Ukipuuza sana, duara linaota kona. Mimi napima kwa jicho tu, wala sina kanuni ninayoweza kuitetea: naanza kwa kupuuza ngazi 2, nachora duara polepole, nikiona kona nashusha hadi 1.