Mlango wa Omelas: nani anabeba dhima?

Wasomaji wapya wa bunilizi za kisayansi hutafuta kwanza mkosaji: dikteta wa sayari fulani, kampuni yenye uchu, au roboti iliyoasi. Ndiyo maana mimi hupenda kuanza nao kwa hadithi fupi ya mwandishi Mmarekani Ursula K. Le Guin, "The Ones Who Walk Away from Omelas" (Wanaoondoka Omelas), iliyochapishwa mwaka 1973 na kupata Hugo, tuzo ya bunilizi za kisayansi na fantasia, mwaka uliofuata, kwa kuwa humo hakuna hata mmoja wa kumnyooshea kidole.

Omelas ni mji wa raha, usio na mfalme wala watumwa. Chini ya jengo mojawapo, katika chumba kisicho na dirisha, chenye urefu wa hatua tatu na upana wa hatua mbili, amefungiwa mtoto wa karibu miaka 10 anayeonekana kama wa miaka 6. Kutwa hula nusu bakuli ya unga wa mahindi na mafuta. Anayaogopa mafagio ya kupigia deki yaliyoegemezwa pembeni. Hufumba macho, lakini anajua kwamba bado yapo. Neema yote ya mji imefungamana na mateso yake, na hata neno moja la upole haruhusiwi kuambiwa.

Watoto wa mji huelezwa jambo hilo wakiwa na umri wa kati ya miaka 8 na 12, na wengi huenda kumtazama. Hulia, hughadhibika, kisha miaka ikipita hujiambia kwamba yule amekwisha kuharibika, hata akitolewa hataweza kufurahi. Hapo ndipo ninapoiona dhima ya wote: watazamaji hawakuufunga mlango ule, lakini kila mmoja huukuta umefungwa na kuuacha vivyo hivyo.

Msomaji naye hasalimiki. Msimulizi humwomba auongezee mji anachopenda, kisha humuuliza kama anausadiki. Na kwa kuwa anamdhania hasadiki, ndipo anapomleta mtoto. Sisi tuliolelewa kwa "Paukwa!" tunajua kwamba anayeitikia "Pakawa!" amekwisha kuwa mshiriki wa ngano.

Wachache huondoka Omelas, kila mtu peke yake, na wengi huwasifu. Mimi husita, kwa sababu mtoto amebaki chumbani. Mwandishi mwingine Mmarekani, N. K. Jemisin, aliijibu hadithi hii mwaka 2018 kwa "The Ones Who Stay and Fight" (Wanaobaki na Kupigana). Katika mji wake pia yupo mtoto anayeumia, binti ambaye baba yake ameuawa na watumishi wa jamii, lakini huyu hushikwa mkono na mmoja wao.