Jengo Jipya Halihitaji Nguzo Bandia

Wengi Nairobi huamini kwamba jengo jipya likisimama kati ya majengo ya kale, sharti liyaige: nguzo, matao, hata rangi ya mawe. Si kweli. Tazama KICC, jumba la mikutano ya kimataifa lililokamilika 1973. Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso walilibuni karibu na jengo la mahakama la miaka ya 1930, ambalo sasa ni Mahakama ya Juu, wala hawakunakili hata nguzo moja. Ghorofa 28! Ila uwanja mpana wa KICC unampa jirani nafasi ya kupumua. Kuiga ndiko kunakopotosha: mpita njia atatenganishaje nguzo za maktaba ya McMillan ya 1931 na nguzo za simiti za juzi? Mimi hupima kimo, kivuli na mlango unaoelekea barabara.