Je, wajua utumbo wa nguruwe unavyoweza kuziba kibofu cha mbwa?

Mbwa aliyegongwa na bodaboda pale Uyole anaweza kuinuka, akajikokota hadi nyumbani na hata akakojoa, ilhali kibofu chake kimepasuka. Tundu la kawaida daktari hulishona tu, kwani kibofu cha mbwa hupona upesi mno: ukuta ulioshonwa hurudisha karibu nguvu zake zote kwa siku 14 hadi 21. Hata kikikatwa robo tatu, kilichobaki hutanuka taratibu, mradi pembetatu ya chini, inapoingilia mirija kutoka kwenye figo, iwe salama. Kazi huwa ngumu pale nyama iliyobaki isipotosha kukutanishwa bila kuvutana. Hapo ndipo kiraka kinapohitajika.

Kiraka chenyewe ni utumbo mwembamba wa nguruwe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walianza kuufanyia kazi miaka ya 1980. Hukwanguliwa tabaka la ndani na misuli ya nje, ukabaki utando mweupe wa unene wa takriban milimita 0.1. Huoshwa kwa asidi ya peresetiki iliyozimuliwa, ukasuuzwa na kutakaswa vijidudu.

Kwa nini mwili wa mbwa haukikatai? Kinachoamsha kinga ya mwili hasa ni seli za mgeni, nazo zimeshaondolewa. Imebaki kolajeni, yaani protini inayoipa nyama uimara, ambayo ya nguruwe na ya mbwa zinafanana sana, pamoja na protini zinazochochea mishipa ya damu ichipue. Aliyeona ghorofa likijengwa Mafinga anaijua kazi hii: mirunda hubeba zege mpaka ligande, kisha huondolewa. Seli za mbwa mwenyewe hutambaa kutoka kingo za jeraha zikajenga ukuta mpya, huku kiraka kikimeng'enywa. Baada ya miezi 3 karibu chote kimekwisha.

Upasuaji hauanzi na kisu, unaanza na dripu. Mkojo uliomwagika tumboni hupandisha potasiamu kwenye damu, na potasiamu nyingi husimamisha moyo. Daktari hufyonza maji ya tumboni akapima kreatinini, taka ambayo figo huitoa kwa mkojo: ikizidi ile ya kwenye damu mara 2, huo ni mkojo. Akishafungua, hukata nyama iliyokufa mpaka kingo zitoe damu, kwa sababu kingo zisizo na damu hazina seli za kutuma. Hushona kiraka kwa uzi laini unaoyeyuka, kama polidioksanoni. Hariri haifai kabisa. Uzi usioyeyuka ukikaa ndani ya mkojo huota mawe. Kisha hujaza kibofu maji ya chumvi kutazama panapovuja, na kufunika mshono kwa ule utando wa mafuta wa tumboni, ambao una damu tele.

Mpira wa mkojo huachwa siku kadhaa ili kibofu kisijae. Mbwa wa kilo 20 hutoa mililita 20 hadi 40 kwa saa. Mfuko ukipokea pungufu, angalia kama mpira umeziba, mshono unavuja, au mbwa hana maji ya kutosha mwilini.

Kasoro kubwa ya kiraka hiki ni ukubwa. Seli hutambaa umbali mfupi tu kutoka kwenye kingo kabla ya kovu kuwahi. Kwenye kibofu, kiraka kikubwa hujikunja na kusinyaa. Kwenye njia ya mkojo ni hatari zaidi: bomba zima likitengenezwa kwa utando mtupu, kovu hulibana, mbwa akajikamua mkojo kwa matone. Ndiyo maana mwaka 1999 timu ya Anthony Atala huko Boston ilichukua kwanza kipande kidogo cha kibofu cha mbwa wenyewe, ikazalisha seli, ikazipanda juu ya kiunzi chenye umbo la kibofu kabla ya kukishonea. Vibofu hivyo vilifanya kazi. Vile vilivyowekwa bila seli vilisinyaa.

Kwa mbwa wako aliyegongwa leo, mfuatilie kwa siku kadhaa za kwanza. Akitapika, akazubaa, tumbo likavimba, mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama umemwona akikojoa.