Kunyimwa nafasi ya Senia 1: yanayosemwa na yalivyo

Matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yakitoka, hapa Busia, Uganda, simu hazilali. Mtoto ana agrigeti 6 (jumla ya madaraja ya masomo manne, ndogo ndiyo bora), watu wamechinja kuku, kisha orodha ya shule ya walioitwa Senia 1, yaani kidato cha kwanza, inatoka na jina lake halimo. Hapo ndipo kila jirani anakuwa mwanasheria.

"Kateni rufaa, kuna jopo la kusikiliza." Huu ni ushauri wa ndugu walioko Uingereza, na huko ni kweli: mzazi aliyenyimwa nafasi katika shule ya umma, hata ile inayochuja kwa mtihani, ana haki ya kusikilizwa na jopo huru la watu wasiopungua 3, na wakiamua, shule inatii. Uganda hatuna jopo hilo. Ukienda UNEB, baraza la mitihani, umechoma nauli bure. Wao husahihisha, hawagawi vitanda vya bweni. (Kama shaka yako ni alama zenyewe, pitia kwa mwalimu mkuu wa shule alikofanyia mtihani.) Wanaochagua ni wakuu wa sekondari, katika kikao ambacho kwa miaka mingi kimefanyika viwanja vya maonyesho vya UMA (chama cha wenye viwanda), Lugogo, Kampala. Basi barua yako mwandikie mkuu wa shule.

"Alama zake zinafika, wamemdhulumu." Hili limenigusa mwenyewe. Shule zinazogombewa kama Budo, Gayaza au Namagunga huanza na walioziandika chaguo la kwanza, na fomu hiyo hujazwa kabla hata mtihani haujafanywa. Mpwa wangu tulimwandikia shule kubwa ya kwanza, na ya pili kubwa vilevile. Akapata 6. Ya kwanza ilikomea 5. Ya pili ilichukua hadi 7, lakini ilikuwa imeshajaa watoto walioitaja kwanza. Akabaki hewani na alama zake nzuri. Hakudhulumiwa na mtu. Sisi wakubwa ndio tulijaza fomu ile kwa sifa.

"Kuna mtu ndani." Huyo nimemwona, nje ya geti, shajara kwapani. "Mzee, nafasi zimebaki mbili, ya tatu imeondoka asubuhi." Alitaka nusu sasa, nusu barua ikitoka. Jirani yangu alitoa. Barua ikaja na muhuri wa kupendeza, ila siku ya kuripoti mhasibu alipitisha kidole kwenye orodha mara mbili, jina hakuna. Angeshtaki vipi? Chini ya sheria ya kupambana na rushwa ya 2009, anayetoa hongo ana kosa sawa na anayepokea.

"Ya serikali ni lazima imchukue." Hapana. Mpango wa USE (elimu ya sekondari kwa wote) ulioanza 2007 una shule zake, na hizi kongwe za bweni haziko humo.

"Wakisema imejaa, basi." Si lazima. Wapo walioitwa ambao hawatokei: mwingine kapata ufadhili kwingine, mwingine karo imewashinda kwao. Siku ya mwisho ya kuripoti ikipita, vitanda kadhaa hubaki vitupu, na mkuu wa shule hutazama barua zilizo mezani. Yako iwe ukurasa mmoja: jina, namba ya mtihani, agrigeti, shule mliyoichagua ya ngapi, sababu inayoeleweka (dada yake yuko hapo, ana maradhi na hospitali iko karibu), namba ya simu, na nakala ya slipu ya matokeo. Ipeleke mwenyewe, ipokelewe na katibu, uulize urudi lini. Kulia ofisini hakusaidii, nimejaribu. Na mtoto asikae nyumbani akingoja. Mwanzishe mahali, godoro litahamishwa.

Letu halikuhamishwa. Mpwa wangu sasa yuko Senia 3, shule ya kutwa Tororo, na fizikia anaipenda kuliko chakula. Baada ya UCE, mtihani wa mwisho wa Senia 4, wanachaguliwa upya kwenda Senia 5. Fomu hiyo, amesema, ataijaza mwenyewe.